Siatika na kairopraktiki: jinsi ya kutibiwa bila kuumizwa na bila kuliwa pesa

Maumivu yanaanzia kiunoni au ndani ya tako, yanashuka nyuma ya paja, yanavuka goti, yanaingia kwenye shavu la mguu na wakati mwingine yanafika mpaka kidole gumba, yanachoma kama umepigwa shoti, ukikohoa au ukipiga chafya ndio balaa, ukikaa muda mrefu yanazidi, ukisimama ukatembea kidogo yanapungua. Hiyo ndio siatika. Na hapa kwetu Uganda imejaa, watu wa boda wanayo, madereva wa trela wanaolala foleni Busia na Malaba wanayo, wabeba mizigo wa Kikuubo, wakina mama wanaokaa kwenye kigoda sokoni kutwa nzima, wakulima wa jembe la mkono ndio usiseme.

Siku hizi kila ukifungua simu unakutana na video mtu amelazwa kwenye kitanda, anageuzwa ubavu, anasukumwa mara moja, mgongo unalia kah kah kah, anaamka anacheka. Halafu chini yake watu wanauliza, jamani huyu yuko wapi Kampala nimpeleke mama. Nawaandikia nyinyi mnaouliza hivyo, maana hiyo ndio kairopraktiki, tiba ya kuchezesha viungo vya mgongo kwa mikono, na inaweza kukusaidia kweli, lakini sio kila mtu anafaa kusukumwa na sio kila anayesukuma amesoma, na wagonjwa wengi wanaenda pale kichwa kichwa wakishachoka na maumivu.

Kabla ya yote shika kitu kimoja, kitakuongoza kwenye kila hatua. Siatika usiipime kwa ukali tu, ipime kwa mahali maumivu yalipofika. Kama jana yalikuwa kwenye unyayo, leo yameishia kwenye goti, kesho yako kwenye tako, unapona, hata kama kiuno chenyewe kinauma kuliko jana. Kama yalikuwa kwenye paja na sasa yameshuka mpaka kwenye kidole, kuna kitu unafanya au unafanyiwa kinachokuharibu, kiache.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni siatika kweli

Mshipa wa fahamu, yaani neva, wa siatika ndio mkubwa kuliko yote mwilini, unene wake unakaribia kidole chako, mizizi yake inatoka kwenye pingili za chini za uti wa mgongo, inaungana, inapita ndani ya tako chini ya msuli mmoja unaitwa pirifomisi, inashuka mguu mzima. Ukibanwa juu, mguu ndio unalia. Mara nyingi kinachobana ni diski, ule mto ulioko kati ya pingili na pingili, umechomoza au umepasuka ukamwaga ute wake pembeni, na kawaida inatokea kati ya pingili ya L4 na L5 (L ni pingili za kiuno) au kati ya L5 na S1 (S ni mfupa ulio chini yake) ambayo ndio ya mwisho kabisa pale kiunoni. Kwa wazee mara nyingi sio diski, ni njia ya neva imekuwa nyembamba kwa sababu ya mifupa kuota, na hawa utawajua: wakitembea miguu inawaka na inakuwa mizito, wakiinama mbele au wakikaa wanapata nafuu, ndio maana mzee anaweza kuendesha baiskeli kilomita nyingi lakini kutembea mpaka dukani kunamshinda.

Jipime hivi. Lala chali, mtu akuinulie mguu unaouma polepole ukiwa umenyooka, goti lisikunjwe. Mguu ukifika kati ya digrii 30 na 70 ukasikia ule moto wako unashuka kuvuka goti, diski inahusika kwa kiasi kikubwa. Ukisikia tu kuvutika nyuma ya paja huo ni msuli umekaza, usijipe ugonjwa. Halafu simama, tembea hatua kumi kwa visigino vidole vikiwa juu, rudi kwa vidole visigino vikiwa juu. Mguu mmoja ukishindwa na ule wa pili ukiweza, andika, hiyo ni habari muhimu sana kwa mtu atakayekutibu. Na kama maumivu yako yapo kwenye kinena, kuvaa soksi kunakushinda, mwambie daktari aangalie nyonga kwanza.

Hatua ya pili: ondoa hatari, hii usiiruke hata kama una haraka

Ukiona ganzi sehemu unayokalia, yaani katikati ya mapaja, sehemu za siri, kuzunguka haja kubwa, au mkojo umekataa kutoka, au unatoka bila wewe kujua, au choo kinakuponyoka, au miguu yote miwili inaishiwa nguvu, hapo hakuna kairopraktiki, hakuna fizio (mtaalamu wa tiba ya viungo na mazoezi), hakuna kuchua. Ni hospitali kubwa siku hiyo hiyo hata kama ni saa nane usiku, Mulago au hospitali ya rufaa ya mkoa wako, maana kifungu chote cha neva za mwisho wa uti wa mgongo kimebanwa na upasuaji ukichelewa mtu anaweza kubaki anavaa mpira wa mkojo maisha yake yote. Wazee wetu wanaona aibu kusema mambo haya, hasa mbele ya watoto, kwa hiyo wewe ndio uulize kwa heshima lakini wazi wazi, Mzee, mkojo unatoka sawa? Ukijipangusa chooni unasikia?

Kaka yangu anaendesha trela njia ya Mombasa kuja Kampala, siatika yake ilikuwa ya miezi, na kilichotushtua sio maumivu, ni kandambili. Alikuwa akitembea uani kandambili ya kulia inamtoka, anarudi anaivaa, hatua tatu imetoka tena, na mguu ukigusa simenti unapiga pwaa kwa sababu vidole havinyanyuki. Yeye alisema maumivu yamepungua hivyo anapona, kumbe neva ilikuwa imechoka. Mguu unaoanza kuangusha unyayo namna hiyo ni wa daktari wa mifupa au wa neva haraka, usimpeleke kwa mtu wa kumsukuma mgongo.

Halafu kuna mambo ya kwetu ambayo zile video za Marekani hazisemi. TB ya mifupa ipo, na inapenda uti wa mgongo. Mtu ana maumivu ya mgongo ya wiki nyingi, anapungua kilo, jioni joto linapanda, usiku anatoka jasho mpaka shuka inaloa, huyo ukimsukuma mgongo pingili iliyoliwa na TB inaweza kubonyea na akapooza. Apimwe kwanza, dawa za TB kwenye vituo vya serikali ni bure. Kwa wafugaji na wanaokunywa maziwa mabichi kuna brusela, homa ya kuja na kuondoka, viungo na kiuno vinauma miezi. Mzee wa miaka zaidi ya 50 anayeumwa mgongo usiku hata akiwa amelala tu, apimwe tezi dume na saratani nyingine. Mama aliyewahi kutibiwa saratani ya titi, mtu anayeishi na virusi na kinga iko chini, mtu aliyetumia vidonge vya steroidi muda mrefu, mtu aliyeanguka na boda wiki iliyopita, wote hawa daktari kwanza, picha kwanza, mikono baadaye.

Hatua ya tatu: wiki za mwanzo nyumbani

Habari njema, na nataka uiamini, siatika nyingi zinaanza kupoa zenyewe ndani ya wiki 4 mpaka 6, zingine zinachukua miezi 3, kwa sababu ule ute uliomwagika mwili unaula taratibu. Kwa hiyo usiuze mbuzi wiki ya kwanza.

Usilale kitandani siku nzima. Zamani walikuwa wanaambiwa walale kwenye ubao wiki mbili, hiyo ilishaachwa, siku moja au mbili ukizidiwa sana sawa, baada ya hapo amka tembea kidogo kidogo, dakika tano, kumi, mara nyingi kwa siku. Kulala, lala ubavu na mto kati ya magoti, au chali na mto chini ya magoti. Godoro la ugumu wa kati linatosha, huna haja ya kulala sakafuni. Chupa ya maji ya moto kiunoni dakika 15 inalegeza misuli, ifunge na taulo, na kama mguu una ganzi usiiweke kwenye mguu, utaungua bila kujua.

Dawa, panadol ya mg 500 mtu mzima asizidishe vidonge 8 kwa siku. Ibuprofeni au diklofenaki unakunywa umekula, siku chache tu, na kama una vidonda vya tumbo, presha, figo au mimba usinunue bila kuuliza. Zile kapsuli za pregabalini ambazo watu wanaandikiwa sana kwa ajili ya neva, utafiti mkubwa wa Australia uliotoka 2017 uliwapa wagonjwa wa siatika na wengine wakapewa dawa bandia, hazikushinda, kizunguzungu tu ndio kilizidi. Kama daktari amekuandikia usikatize ghafla, rudi muongee.

Na hili la sindano nalisema kwa uchungu. Sisi Uganda tunapenda sindano, mtu akiumwa mgongo anaingia kliniki ya mtaani anadungwa diklofenaki ya tako, na ule mshipa wa siatika unapita hapo hapo ndani ya tako. Sindano ikiingia vibaya inaweza kuujeruhi, wapo watoto na watu wazima waliobaki wanachechemea kwa sababu hiyo. Kama unaweza kumeza, omba vidonge. Kama lazima udungwe, iwe sehemu ya juu kabisa upande wa nje, na ukisikia shoti imekimbia mpaka mguuni sema hapo hapo achomoe. Kuchanjwa na wembe kiunoni na kupakwa dawa nyeusi hakufiki kwenye neva, kunakuachia kidonda na hatari ya kuambukizwa.

Hatua ya nne: kumtafuta mtu wa kukugusa

Wiki mbili tatu zimepita, hatari hakuna, bado mguu unawaka, sasa ndio wakati wa mikono. Kairopraktiki ilianzishwa na D. D. Palmer kule Davenport, jimbo la Iowa, mwaka 1895, na yeye aliamini pingili zikihama kidogo ndio chanzo cha magonjwa karibu yote. Hiyo imani haikusimama. Kilichobaki na kinachofaa ni ujuzi wa kuchezesha viungo vya mgongo kwa mikono, na ushahidi wake kwa maumivu ya kiuno upo, wa kiasi. Madaktari wa Marekani kwenye mwongozo wao wa 2017 waliiweka kati ya vitu vya kujaribu mapema kwa maumivu ya kiuno kabla ya dawa. Uingereza mwongozo wao wa 2016 uliohusu pia siatika unaruhusu tiba ya mikono, lakini iende pamoja na mazoezi, isiwe peke yake. Kwa hiyo mtu akikuambia kairopraktiki itamtibu mama presha, sukari, vidonda vya tumbo na kutozaa, mshukuru, toka.

Shirika la Afya Duniani, WHO, mwaka 2005 walitoa mwongozo wa mafunzo ya kairopraktiki, mtu awe amesoma miaka kama 4 ya muda wote, masaa yasiyopungua 4,200, na sehemu yake akiwa anashika wagonjwa chini ya msimamizi. Hapa Afrika wanasomesha Durban na Johannesburg. Kozi ya wikendi ya masaji sio hiyo. Ukipiga simu kuulizia bei uliza pia ulisomea wapi, miaka mingapi, uliandikishwa na nani, nikija nitaona cheti? Aliyesoma hakasiriki kuulizwa, anayekasirika amekujibu.

Sasa ukweli wa Uganda ni kwamba hawa wataalamu ni wachache na wako zaidi Kampala, na wewe pengine uko Arua, Kasese, Mbale. Usikate tamaa, fizio aliyesomea anafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo hiyo, anachezesha viungo, anafundisha mazoezi, na hospitali za rufaa za mikoa zina idara ya fizio, gharama yake huwezi kulinganisha na kliniki za vioo. Mafizio wanaandikishwa na Allied Health Professionals Council na leseni yao ya mwaka inatakiwa ionekane, daktari yeye anaandikishwa na Uganda Medical and Dental Practitioners Council. Mimi nikiwa na mgonjwa mkoani ningeanza kwa fizio wa rufaa kabla ya kumpakia kwenye basi masaa saba amekaa, maana safari yenyewe inamuongezea ugonjwa. Kama lazima asafiri, kiti cha pembeni ya njia, taulo limekunjwa nyuma ya kiuno, basi likisimama ashuke atembee.

Hatua ya tano: siku ya kwanza mezani

Kabla hajakugusa lazima akuulize. Yalianza lini, yanafika wapi, mkojo vipi, umepungua kilo, umewahi kuugua nini, unakunywa dawa gani hasa za kuyeyusha damu. Halafu akupime, ainue mguu kama ulivyojipima, agonge goti na kisigino kwa nyundo ndogo, aguse ngozi kuona ganzi iko wapi, akutembeze kwa visigino na vidole. Hiyo ni dakika 20 au zaidi. Mtu anayekwambia lala hapa kabla hujamaliza kusema jina lako, usilale.

Eksirei sio lazima kwa kila mtu. Eksirei inaonyesha mifupa, diski na neva haionyeshi, MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, ndio inaonyesha, na MRI nayo ina mtego wake, watu wasioumwa chochote ukiwapiga picha wengi utakuta diski zimechomoza, wa miaka 20 karibu 3 kati ya 10, wa miaka 80 zaidi ya 8 kati ya 10. Kwa hiyo mtu akikuonyesha picha akakutisha kwamba mgongo wako umeoza na bila yeye utaishia kwenye kiti cha magurudumu, ujue anauza.

Akianza kazi, kawaida anakulaza ubavu, goti la juu limekunjwa, mkono mmoja kwenye bega na mwingine kiunoni, anakugeuza mpaka mwisho halafu anasukuma haraka na kifupi. Njia nyingine ni kitanda kinachokunjika katikati, unalala kifudifudi nacho kinashuka na kupanda taratibu kufungua nafasi ya diski, hakuna mlio, na kwa mtu ambaye diski yake imechomoza vibaya mimi naona hii ndio ya kuanzia. Mwambie, daktari naomba tuanze polepole, una haki. Ule mlio ni gesi kwenye ute wa kiungo, hakuna mfupa ulioteguka uliorudi mahali pake, na mgongo usipolia haina maana hujatibiwa.

Shingo akae nayo mbali. Siatika iko kiunoni, hakuna sababu ya kukuzungusha shingo, na kuzungusha shingo kwa nguvu kuna hatari ndogo lakini ya kweli ya kuchana mshipa wa damu unaopanda kwenye ubongo, mtu anapata kiharusi. Sema mapema, shingo yangu usiguse. Mama mjamzito naye asilazwe kifudifudi tumbo likiwa limeshaonekana, wapo wanaojua kumtibu kwa ubavu na mito, asiyejua amwache.

Baada ya hapo uchovu na maumivu ya misuli siku moja au mbili ni kawaida. Tumia kipimo chetu, maumivu yamepanda kuelekea kiunoni au yameshuka kuelekea unyayoni? Yakishuka zaidi mguuni na yakabaki huko mpaka kesho yake, mpigie umwambie na safari ijayo asirudie alichofanya. Ganzi mpya, unyayo unaanguka, mkojo, hayo ni hatua ya pili, hospitali siku hiyo.

Hatua ya sita: mara ngapi na pesa

Hapa ndipo watu wanaliwa. Unaambiwa lipia mara 40 leo upate punguzo. Usilipe. Kubaliana naye jaribio, mara moja au mbili kwa wiki kwa wiki 3 au 4, lipa kila ukienda, mwisho wake mpimane upya ule mguu unainuka digrii ngapi sasa, unatembea dakika ngapi, maumivu yameishia wapi. Kuna maendeleo, endelea kidogo huku mkipunguza. Hakuna, acha, hata kama ni mtu mzuri na anakupokea vizuri. Na kama ameshakutibu wiki nzima na hajakufundisha zoezi hata moja la kufanya nyumbani, muulize kwa nini.

Hatua ya saba: mazoezi, na hapa ndio kazi yenyewe ilipo

Kwa diski anza hivi. Tandika mkeka, lala kifudifudi, mikono pembeni, pumua dakika mbili tatu. Ukivumilia inuka kwa viwiko kama mtoto anayesoma kitabu sakafuni, kaa dakika mbili. Ukivumilia na hapo, weka viganja chini ya mabega, nyoosha mikono, kifua kipande lakini kiuno na nyonga vibaki vimelala kabisa kwenye mkeka, usikaze matako, shuka. Rudia mara 10, na ufanye hivyo kila baada ya masaa mawili matatu ukiwa macho. Kila seti ukimaliza simama ujiulize, moto umefika wapi? Umetoka kwenye unyayo umerudi kwenye goti, endelea, kiuno kikiuma kidogo kivumilie. Umeshuka, acha, jaribu kesho kwa viwiko tu. Wale wazee niliosema njia yao ya neva ni nyembamba zoezi hili litawaumiza, wao wafanye kinyume, alale chali, avute magoti mawili kifuani taratibu, ahesabu mpaka 20, aachie.

La pili ni la tako. Lala chali, weka kifundo cha mguu unaouma juu ya goti la mguu mzima, shika paja la mguu mzima kwa mikono miwili vuta kwako mpaka usikie tako linavutika, sekunde 20 au 30, mara 3. La tatu ni la kuuchezesha mshipa wenyewe, kaa kwenye kiti mgongo wima, nyoosha goti polepole huku unainua uso kutazama juu, kunja goti huku unashusha kidevu, mara 10, bila kulazimisha. Neva iliyokasirika haitaki kuvutwa, inataka kuteleza tu, kwa hiyo ukisikia shoti umezidisha. Kutembea ni kila siku, sehemu tambarare, na viatu vilivyofungwa sio kandambili.

Mkulima, sikia hili. Diski inanyonya maji usiku ukiwa umelala, asubuhi imejaa na imekaza, ndio maana alfajiri kiuno kinakuwa kigumu, na sisi ndio muda huo tunashika jembe tunainama. Saa ya kwanza baada ya kuamka usiiname. Lisha kuku, chemsha chai, fagia na ufagio wenye mpini mrefu, tembea mpaka shambani, ndio uanze.

Hatua ya nane: ikikataa

Wiki 6 mpaka 8 zimeisha umefanya yote kwa moyo na mguu bado unawaka, au nguvu zinapungua, sasa MRI ina maana, na daktari wa upasuaji wa mgongo ndio wa kuisoma. Anaweza kukupa sindano ya steroidi karibu na neva, hiyo inafanywa na mtaalamu akiongozwa na picha, inatuliza kwa muda. Au upasuaji wa kutoa kipande cha diski kilichobana. Waholanzi waliwafuatilia wagonjwa wa siatika na matokeo yakatoka 2007, waliopasuliwa mapema walipata nafuu haraka zaidi, lakini mwaka ulipoisha walikuwa karibu sawa na waliosubiri, kwa hiyo kama huna dalili za hatari una nafasi ya kufikiri na familia bila kusukumwa.

Hatua ya tisa: kurudi kazini

Wa boda na wa trela, toa kwanza waleti na simu mfuko wa nyuma, unakalia mshipa. Taulo lililokunjwa nyuma ya kiuno. Kiti cha trela kisogeze mbele ili usinyooshe mguu kutafuta klachi. Kila saa moja simama, shuka, inama nyuma mikono kiunoni mara tano. Ukishuka kwenye kabini geuka ushuke kama ngazi, usiruke.

Jerikeni ya lita 20 ni kilo 20, kwa sasa chukua mbili za lita 10, moja kila mkono, magoti yakunjwe, mzigo uwe karibu na tumbo, na usigeuke kiuno ukiwa umebeba, geuza miguu. Mama wa sokoni achana na kigoda kile kifupi, panda kwenye kiti ambacho magoti hayazidi nyonga, na kila mteja akija simama umhudumie. Boda, wiki ya kwanza beba abiria wa karibu tu, kwepa njia za mashimo hata kama ni fupi. Magunia na mikungu ya matoke subiri mpaka uweze kutembea kwa visigino na kwa vidole bila tofauti kati ya mguu na mguu.